Thomas E. Dewey

Thomas Edmund Dewey (24 Machi 1902 – 16 Machi 1971) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Marekani aliyepata jina kwa kuwafikisha mahakamani vinara wa uhalifu wa jiji la New York katika miaka ya 1930. Alianzia ofisi ya mashtaka ya serikali ya shirikisho, akachaguliwa kuwa mwendesha mashtaka wa kaunti, kisha akawa gavana wa jimbo la New York kwa miaka 12. Wengi wanamkumbuka kwa kushindwa urais mara mbili, 1944 na 1948. Kumbukumbu hiyo haimtendei haki, kwani kazi yake kubwa aliifanya mahakamani, kati ya 1931 na 1941.

Alizaliwa Owosso, mji mdogo wa Michigan, ambako baba yake alimiliki gazeti. Alisoma Chuo Kikuu cha Michigan, kisha akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kuhitimu 1925. Alijaliwa sauti nene ya kuimba na kuna wakati alifikiria kuishi kwa muziki. Mkewe, Frances Hutt, aliyefunga naye ndoa 1928, alikuwa msanii wa jukwaani.

Msomaji wa Tanzania au Kenya amezoea kuona mashtaka ya jinai ya nchi nzima yakiwa chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Marekani mambo yamegawanyika. Makosa dhidi ya sheria za shirikisho, kama kukwepa kodi ya mapato ya taifa, hushughulikiwa na mwendesha mashtaka anayeteuliwa na rais. Mauaji, wizi, rushwa za mtaani na mengineyo chini ya sheria za jimbo humwangukia mwendesha mashtaka wa kaunti, ambaye huko New York hupigiwa kura na wananchi. Dewey alizifanya kazi zote mbili, na alichojifunza katika ya kwanza ndicho kilichompa nguvu katika ya pili.

Mwaka 1931, Dewey akiwa hajafikisha miaka 30, George Medalie, mwendesha mashtaka wa shirikisho wa Wilaya ya Kusini ya New York, alimfanya msaidizi wake mkuu. Kesi iliyomkomaza ilikuwa ya Irving Wexler, maarufu kama Waxey Gordon, aliyetajirika kwa pombe ya magendo wakati pombe ilipopigwa marufuku. Kumkamata mtu kama huyo kwa mauaji ilikuwa vigumu, maana mashahidi walikufa au walinyamaza. Dewey na wenzake wakageukia karatasi: hati za benki, kumbukumbu za simu, risiti, majina bandia kwenye akaunti. Mtu aliyeingiza fedha nyingi kiasi hicho alikuwa amelipa kwa mwaka 1930 kodi isiyofika dola 11. Medalie alijiuzulu Novemba 1933, Dewey akakaimu nafasi yake kwa wiki chache na kuimaliza kesi mwenyewe. Desemba mwaka huohuo jopo la mahakama lilichukua chini ya saa moja kumtia Gordon hatiani, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 10.

Mwaka 1935 jopo la raia waliokuwa wakichunguza uhalifu wa Manhattan lilimshutumu hadharani mwendesha mashtaka wa kaunti, William Dodge, kuwa analegalega. Gavana Herbert Lehman, ingawa alikuwa wa chama cha Democratic na Dewey wa Republican, alimteua Dewey kuwa mwendesha mashtaka maalumu. Ofisi ilifunguliwa ghorofa ya 14 ya jengo la Woolworth. Humo kulikuwa na wanasheria 20, wahasibu na wapelelezi, makabati yenye kufuli za pekee na laini ya simu isiyopita kwenye mitambo ya jengo. Katika jiji ambalo siri ya polisi ilifika kwa wahalifu kabla ya jioni, tahadhari hiyo ilikuwa ya lazima. Mmoja wa waliolengwa, Dutch Schultz, alitaka Dewey auawe. Wakuu wenzake wa magenge walikataa, na Oktoba 1935 Schultz mwenyewe alipigwa risasi katika mgahawa mmoja wa Newark.

Hapa inafaa kumtaja Eunice Carter, mwanamke pekee na mtu mweusi pekee katika timu hiyo ya wanasheria. Kwa uzoefu wake wa Mahakama ya Wanawake aligundua kwamba makahaba waliokamatwa sehemu mbalimbali za jiji walitetewa na mawakili walewale na kuwekewa dhamana na watu walewale, kisha mashtaka yao yakafutwa. Hakuna danguro dogo lenye uwezo wa kununua huduma hiyo, kwa hiyo lazima palikuwa na mkono mmoja nyuma yake. Dewey alisita mwanzoni, kwa sababu hakutaka kuonekana anawaandama wanawake maskini, lakini hoja ya Carter ilimshinda. Usiku wa tarehe 1 Februari 1936 polisi walivamia takriban madanguro 80 kwa wakati mmoja, wakiwa wamepewa bahasha za kufunguliwa dakika za mwisho ili habari isivuje. Mkono huo ulidaiwa kuwa wa kinara wa magenge Charles "Lucky" Luciano. Bila Carter kesi yake isingekuwapo, na sifa aliyopata Dewey kwa kesi hiyo ilipaswa kugawanywa kwa haki zaidi.

Luciano, aliyekuwa akiishi kwa jina bandia katika hoteli ya Waldorf-Astoria, alikamatwa Hot Springs, Arkansas. Sheria mpya ya jimbo, iliyopitishwa mwaka huohuo, iliruhusu makosa mengi ya aina moja kuunganishwa katika shauri moja. Luciano alipopanda kizimbani kujitetea, Dewey alimbana kwa silaha zilezile za kesi ya Gordon: orodha za simu na taarifa za kodi alizowasilisha kwa serikali ya shirikisho. Juni 1936 alikutwa na hatia na kufungwa miaka 30 hadi 50. Ushindi huo una doa. Wanawake waliotoa ushahidi walishikiliwa kwa miezi kadhaa, na mwaka uliofuata baadhi yao walikana maneno yao. Rufaa hata hivyo ilikataliwa.

Novemba 1937 wapiga kura wa Manhattan walimchagua Dewey kuwa mwendesha mashtaka wa kaunti, akaapishwa Januari 1938. Safari hii hakuishia kwa majambazi. Alimshtaki Richard Whitney, aliyewahi kuwa rais wa Soko la Hisa la New York, kwa wizi wa fedha za wateja. Alimshtaki pia James Hines, kigogo wa chama cha Democratic aliyeilinda bahati nasibu haramu ya Harlem. Kesi ya kwanza ya Hines ilivunjwa na Jaji Ferdinand Pecora kwa sababu ya swali moja lisilofaa la Dewey mwenyewe. Ya pili, 1939, ikamfunga Hines miaka 4 hadi 8.

Kosa la Dewey katika cheo hicho lilikuwa haraka ya kupanda. Mwaka 1938, kabla hata ya kumaliza mwaka wa kwanza, aligombea ugavana na kushindwa na Lehman, na 1940 aliwania tiketi ya urais ya chama chake bila mafanikio. Kesi za wananchi wa Manhattan zilistahili uangalifu wake wote.

Alishinda ugavana 1942, na 1945 akatia saini sheria ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi katika ajira, ya kwanza ya aina yake katika jimbo lolote la Marekani. Januari 1946 alimpunguzia Luciano adhabu ili arudishwe Italia, kwa maelezo kwamba alikuwa ameisaidia serikali wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Dewey alifariki Bal Harbour, Florida. Ofisi ya Manhattan ilikuwa imerithiwa mapema 1942 na Frank Hogan, mmoja wa vijana wa jengo la Woolworth, aliyeishika kwa zaidi ya miaka 30.