Kibaha, Minaki na Msimu wa Chemsha Bongo ya Vyuo Vikuu

Kuanzia mwaka 2007, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki walionekana kwenye runinga wakishindania maarifa. Kipindi kiliitwa Celtel Africa Challenge, na baadaye Zain Africa Challenge. Mwuliza maswali alikuwa John Sibi-Okumu wa Kenya, mwigizaji na mtangazaji aliyewahi kufundisha Kifaransa. Vyuo vya Tanzania vilipambana na vya Kenya na Uganda, na vya Ghana, Zambia na Malawi navyo vikawamo. Kwa watazamaji waliozoea kuona vijana wakishindana kwa mpira na kwa nyimbo, lilikuwa jambo jema mno.

Asili ya mchezo huo ni Marekani. Don Reid ndiye aliyeubuni, ukasikika kwenye redio ya NBC mwaka 1953 kwa jina la College Bowl, na mwaka 1959 ukaingia kwenye televisheni. Waingereza waliuchukua mwaka 1962 wakauita University Challenge. Wakati huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kwani kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU jijini Dar es Salaam. Televisheni yenyewe ilikuwa bado mbali. Zanzibar iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994.

Kanuni za Uingereza zinaonyesha jinsi mchezo ulivyo mkali. Swali la kwanza la alama 10 ni la yeyote kati ya wanane walioketi, na hakuna kunong'onezana. Ukibonyeza kitufe kabla msomaji hajamaliza, ukakosea, timu yako inakatwa alama 5. Ukipatia, timu inapewa maswali matatu ya nyongeza, kila moja alama 5, na hapo ndipo wanne wanaruhusiwa kushauriana kabla nahodha hajatoa jibu. Kwa hiyo kipanga anayejua kila kitu lakini anasubiri swali liishe, hupitwa na mwenzake aliyenusa jibu katikati ya sentensi.

Uwezo wa namna hiyo hujengwa miaka mingi kabla ya kufika studio, kwenye shule za bweni. Ndiyo maana historia hii kwangu inapita Kisarawe na Kibaha. Minaki, katika vilima vya Kisarawe, ilianzishwa na Wamisionari Waanglikana wa UMCA miaka ya 1920, ikirithi kazi ya chuo chao cha Mtakatifu Andrea kilichokuwa Kiungani, Zanzibar. Ilikuwa miongoni mwa milango michache ambayo kijana Mwafrika wa Tanganyika aliweza kupitia kutafuta elimu zaidi ya ile ya darasa la kawaida. Baada ya uhuru serikali ilizitaifisha shule za mashirika ya dini, Minaki ikiwamo.

Kibaha ilizaliwa kwa njia nyingine. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilitiliana saini na nchi za Nordiki mkataba wa mradi uliolenga maadui watatu tuliowatangazia vita: ujinga, maradhi na umaskini. Pembeni mwa barabara ya Morogoro, kilometa 40 hivi kutoka Dar es Salaam, ikajengwa shule ya sekondari, kituo cha afya cha Tumbi na kituo cha kufundishia wakulima. Wafadhili walijua tangu mwanzo kwamba wangeondoka. Tarehe 10 Januari 1970 walikabidhi kila kitu kwa Tanzania, na likawa Shirika la Elimu Kibaha. Shule ile baadaye iliingia katika orodha ya shule za vipaji maalumu, pamoja na Mzumbe, Ilboru, Tabora, Kilakala na Msalato.

Tulinganishe sasa. Chemsha bongo ya vyuo vikuu ilikuwa mali ya kampuni ya simu, na ilifuata bahati ya mwenye mali. Celtel ya Mo Ibrahim iliuzwa kwa Wakuwaiti mwaka 2005. Jina la Zain likatundikwa mwaka 2008. Mwaka 2010 biashara yote ya Afrika, isipokuwa sehemu chache, ikaenda kwa Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7. Kipindi kilichofungwa kwenye jina la bidhaa kilikosa wa kukirithi. Minaki ilitoka mikononi mwa kanisa ikaingia mikononi mwa serikali, Kibaha ikatoka kwa Wanordiki, na kengele za prepo hazikuacha kugongwa. Siwalaumu waliogharimia kipindi. Walifanya ambalo vyombo vyetu vya umma havikulifanya. Ninachosikitikia ni kwamba hatukuandaa makabidhiano.

Sehemu moja ya makabidhiano hayo bado inawezekana. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kitengo cha East Africana, kinachohifadhi machapisho na kumbukumbu za eneo hili. Kanda za misimu ile, madaftari ya mazoezi na picha za timu zilizotuwakilisha zinastahili kuwekwa humo. Waliokuwa vijana mwaka 2007 hawajafika hata miaka 50, na wengi bado wanakumbuka swali lililowaangusha.