Habari za wateja zikiibwa: kampuni inapashwa kufanya nini?

Ukinunua kadi ya simu, unatoa jina na numero ya karte ya uchaguzi. Banki, hospitali na nyumba za kutuma feza vilevile zinaandika habari zako. Siku wezi wanapozichukua, kampuni iliyokuwa inazichunga iko na kazi nne: kufunga njia ambamo mwizi alipitia, kutafuta ni habari gani zimetoka na ni za nani, kujulisha serkali, na kuambia wateja wenyewe bila kukawia.

Ile ya nne ndiyo inaogopesha kampuni nyingi. Lakini mteja asiyejua, atajichunga namna gani?

Mfano mbaya: Uber

Uber ni kampuni ya Marekani inayounganisha wasafiri na madereva kwa njia ya simu. Mwaka 2016, wezi walichukua habari za watu milioni 57, wasafiri pamoja na madereva. Kampuni iliwalipa wezi dola 100 000 wafute habari na wanyamaze, kisha ikaficha jambo hilo kwa mwaka mzima. Ilitangaza tu mwezi wa 11 mwaka 2017. Mwaka 2018 ilikubali kulipa majimbo ya Marekani dola milioni 148. Na mwaka 2022, tribinali ilimkuta na kosa Joe Sullivan, aliyekuwa mkubwa wa usalama, sababu ya kuficha.

Mfano muzuri: CICR

CICR si kampuni, lakini ilipatwa na shida ileile. Tarehe 18 mwezi wa 1 mwaka 2022, iligundua kwamba wezi wa intaneti wameingia mu mashini zenye habari za watu zaidi ya 515 000: waliopotezana na jamaa zao sababu ya vita ao uhamiaji, wenye kutafutwa, na wafungwa. Ilizima mashini hizo, na kesho yake ikatangaza. Kisha ilieleza kwamba wezi walikuwa ndani tangu mwezi wa 11 mwaka 2021, juu programu moja haikurekebishwa kwa wakati. Watu walijulishwa kwa simu, kwa barua na kwa matangazo. Kwa vijiji vya mbali, watumishi walienda wenyewe kuwaambia.

Kwetu Congo

Sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inayoitwa Code du numérique, inalinda habari za watu. Kwa hiyo mteja ana haki ya kuuliza: ni habari zangu gani zimetoka? Tangu lini? Mumefanya nini?

Akingojea jibu, abadilishe kode yake ya siri. Na mtu akimupigia simu, hata kama anajua jina lake na numero ya karte yake, asimupe kode. Kujua jina la mtu si kuonyesha kwamba unatoka ku kampuni: pengine ni zile habari zilizoibwa ndizo anasoma.