Uhuru na Taabu Chini ya Mlima Meru: Engare Nanyuki katika Vitabu na Picha za Sinema

Tarehe 17 Novemba 1951 maofisa na askari wa Serikali ya Tanganyika walianza kuwaondoa Wameru katika mashamba ya Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru. Watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu. Nyumba zao zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na wenyewe wakaelekezwa Kingori, nchi ya chini yenye joto, ambayo walikuwa wamekwisha kuikataa kwa kuwa haikuwafaa wao wala ng'ombe wao. Miaka tisa baadaye, mwishoni mwa mwaka 1960, watu wengine walifika jirani kabisa na hapo, penye maziwa ya Momella, wakiwa na kamera na magari, wakatengeneza picha ya sinema iliyopewa jina la Kiswahili, Hatari! Ni nadra mahali padogo namna hii kuandikwa na kupigwa picha mara nyingi hivyo katika muda mfupi. Kila kazi iliyotoka hapo ina fikira yake juu ya nani aliye huru, na taabu inayosimuliwa ni ya nani.

Jina lenyewe, Engare Nanyuki, ni la Kimasai, na maana yake ni maji mekundu. Wameru walio wengi walikaa upande wa kusini wa mlima, penye mvua na migomba. Kushuka kwao kutafuta malisho kulizuiwa na historia inayoanza mbali. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Adhabu waliyoitoa Wajerumani ilikuwa kali, nayo iliwaangukia hata wasiokuwamo katika jambo lile. Baadaye mashamba ya Wajerumani na ya Makaburu yaliuzunguka mlima kwa chini mfano wa mshipi, wenyeji wakabanwa baina ya mashamba hayo na msitu wa juu. Utawala ulipopita mikononi mwa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wameru walinunua kwa fedha zao mashamba mawili ya Engare Nanyuki, Na. 31 na Na. 328. Yaani walilipia ardhi waliyoiona kuwa yao tangu hapo, na jambo hili halikusahaulika hata kidogo. Kisha Jaji Mark Wilson, aliyeichunguza mintarafu ya ardhi ya Arusha na Moshi, alitoa taarifa yake mwaka 1947. Na kutokana nayo ikakatwa shauri kwamba sehemu ile iwe ya ufugaji wa masetla wa Kizungu peke yao.

Yafaa kusimama kidogo penye maneno. Kwa mtawala, jambo lililotendeka lilikuwa ni kuhamisha watu kutoka mahali hapa mpaka pale, na kuwapa badala yake. Kitenzi hama ni kitenzi cha hiari: mtu huhama kwa kufuata mvua, au kwa kuchoka na jirani. Kiambishi kimoja tu cha kutendesha, na kingine cha kutendwa, hukigeuza hata hiari yote ikatoweka, ilhali sura ya neno yabaki ya upole. Aliyeona nyumba yake ikiungua hakusema kwamba amehamishwa. Alisema kwamba amefukuzwa, au amenyang'anywa. Tofauti hiyo ya vitenzi ndiyo kiini cha madai yaliyofuata.

Madai hayo yalikwenda mbali. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na kwa hiyo wenyeji wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko juu ya Serikali iliyowatawala. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, walisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Kamati ya Nne ya Baraza Kuu iliwaunga mkono. Bali katika Baraza Kuu lenyewe azimio lilikosa theluthi mbili za kura, likaanguka. Kwa hesabu ya kura, basi, Wameru walishindwa. Lakini habari za safari ile zilienea Tanganyika, na TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 Kirilo alikuwa mmoja wa waasisi wake 17.

Hapa pana neno jingine la kutazamwa, nalo ni nchi. Katika Kiswahili nchi ni udongo unaokanyagwa na kulimwa, tena ni dola yenye mipaka na serikali. Mtu wa Engare Nanyuki aliposema mwaka 1951 kwamba nchi yetu imechukuliwa, yamkini alikusudia bonde lake, kisima chake na boma lake. Miaka mitatu baadaye maneno yaleyale, bila kubadilishwa herufi, yaliweza kusemwa na mtu wa Mwanza au wa Lindi, naye akakusudia Tanganyika nzima. Waingereza wana maneno mawili kwa mambo hayo mawili, na huenda ndiyo sababu maofisa wao walidhani kwamba shauri la mashamba lingebaki kuwa shauri la mashamba.

Kazi ya kwanza ya maandishi iliyotokana na mkasa huu ni malalamiko yenyewe, ambayo baadaye Kirilo na Seaton waliyafanya kitabu, The Meru Land Case, kilichotolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1967. Ni kosa kukiweka kitabu hiki nje ya fasihi kwa sababu tu ni cha sheria na siasa. Malalamiko ni utungo wenye kanuni zake, kama barua au wosia. Taabu haisimuliwi humo ili msomaji alie. Hutolewa kama ushahidi, kwa tarehe, kwa idadi na kwa namba za mashamba. Mwenye kulalamika hujizuia, kwani akilia sana ataambiwa kwamba ana chuki, na akinyamaza sana ataambiwa kwamba ameridhika. Nguvu ya kitabu i katika kujizuia huko. Upungufu wake nao unatoka papo hapo: msomaji hujua ni watu wangapi walioondolewa, lakini hajui yule mama aliyetoka na watoto alichukua nini mkononi, na aliacha nini.

Mwaka huohuo wa 1967 Mmarekani Anton Nelson, aliyefanya kazi miongoni mwa wakulima wa Meru, alitoa kitabu chake, The Freemen of Meru. Jina hilo ni mtihani kwa mfasiri. Akisema Waungwana wa Meru, ataleta mambo ya pwani, ambako mwungwana ni mtu aliyezaliwa katika hali ya kutomilikiwa, mwenye nasaba na adabu za mji. Akisema Watu Huru wa Meru, ataleta neno lililotoka katika Kiarabu, ambalo zamani huko pwani lilitajwa zaidi kwa mtumwa aliyeachwa. Aliyepewa uhuru hakuhesabiwa mara moja kuwa mwungwana. Siasa ya miaka ya 1950 iliacha uungwana, ikachagua uhuru, na kwa kufanya hivyo ilikiri kwamba kuna mtu aliyefunga kabla hajafungua. Kwa Wameru neno hilo lilifaa kwa jambo la kushikika: kurudishiwa walichonyang'anywa. TANU nayo ikaliunganisha na jasho, ikisema Uhuru na Kazi. Azimio la Arusha, lililotangazwa mwaka uleule wa 1967 na kupewa jina la mji ulio chini ya mlima huo, likaitaja ardhi miongoni mwa mambo manne yanayohitajiwa kwa maendeleo.

Sinema ilikwenda njia yake. Katika miaka ileile ya Engare Nanyuki kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, ilikuwa ikitengeneza Tanganyika picha za hadithi kwa Kiswahili kwa msaada wa Serikali. Katika Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952, Rashidi Kawawa alicheza mtu wa shamba aliyepatwa na hasara mjini. Mafunzo ya picha kama hizo ni kwamba taabu ya Mwafrika hutokana na ujinga wake mwenyewe. Afadhali angekaa kwao akalima. Wameru ndio waliokuwa wamekaa kwao wakilima. Kawawa, kwa upande wake, aliiacha sinema, akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwanzoni mwa mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Mwaka huohuo wa 1962 Hatari! ya Howard Hawks ilionyeshwa duniani. Ilikuwa imepigwa kabla nchi haijapata Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, ikaonyeshwa baada yake. Lakini ndani yake hakuna dalili yoyote kwamba jambo la namna hiyo lilikuwa karibu kutokea. John Wayne na wenzake ni wakamataji wa wanyama wanaouzwa kwa bustani za ng'ambo, na kampuni yao katika hadithi imepewa jina la Momella. Hapana budi kukiri kwamba ni picha ya kupendeza: mbio za vifaru ni za kweli, na waigizaji waliingia hatarini wenyewe. Uhuru unaosifiwa humo ni wa nchi pana isiyo na ua, ambamo mtu huendesha gari apendavyo. Si ajabu kwamba nchi ilionekana tupu, kwa kuwa jirani yake ilikuwa imeondolewa watu miaka tisa tu kabla. Wenyeji wanaonekana kama wafuata nyayo na watumishi, na mara moja kama kundi la Warusha wanaompa heshima mwanamke mgeni kwa kumwita Mama Tembo. Tena ni picha ya uhuru ambayo shughuli yake yote ni kukamata na kufungia.

Hardy Krüger, Mjerumani aliyecheza katika picha hiyo, alinunua shamba papo hapo Momella akakaa kwa miaka kadhaa. Nyumba yake imekuwa hoteli ya wageni yenye jina la picha ile. Mwaka 2007 televisheni ya Ujerumani ilionyesha hadithi ya Margarete Trappe, setla aliyefika mwaka 1907 akaanzisha shamba Momella, akalikosa baada ya Vita Kuu, kisha akarudi. Taabu yake ni ya kweli, nayo ni taabu ya mtu aliyenyang'anywa shamba. Mtazamaji anayeijua Engare Nanyuki ataitambua mara moja.

Mpango wa masetla haukustawi, na Wameru hatimaye walirudi. Mmeru mwenyewe, Ismael Mbise, ndiye aliyeandika riwaya ya mambo haya, Blood on Our Land, iliyotolewa na Tanzania Publishing House, Dar es Salaam, mwaka 1974. Riwaya huweza kufanya lile ambalo malalamiko hayawezi, maana haiombi kura ya mtu. Lakini iliandikwa kwa Kiingereza, kama The Meru Land Case na kama kitabu cha Nelson, ingawa mwandishi wake alitoka katika nchi iliyokwisha kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa hiyo wengi wa wale waliofukuzwa hawakuweza kuisoma. Mfasiri atakayeishika atakutana na shida katika neno la mwisho la jina lake. Akiandika ardhi, atakuwa ameifuata sheria, na mashamba Na. 31 na Na. 328. Akiandika nchi, atakuwa amelitumia neno walilokuwa nalo watu wenyewe siku ile ya Novemba, pamoja na maana yake ya pili, ambayo ilikuwa bado haijasemwa.