Marubani Wanne kwa Usukani Mmoja

Shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipofungua huduma ya kila wiki kati ya London na Mwanza, Februari 1931, hakuna aliyeumiza kichwa kuhusu usingizi wa rubani. Giza likiingia, ndege ilitua. Kutoka Khartoum kazi ilishikwa na ndege za majini, ambazo zilitua juu ya Ziwa Victoria, Kisumu na kisha Mwanza. Walioziendesha walilala nchi kavu, na asubuhi safari ikaendelea. Mwaka uliofuata njia hiyo ilifika Cape Town, safari ya siku kama 11. Kwa leo ni mwendo wa kuchosha, lakini ndani ya siku hizo 11 kila mtu alipata kitanda.

Taabu ilianza ndege zilipopata nguvu ya kutotua. Marekani ilikuwa na kanuni iliyomzuia rubani wa safari za ndani kuruka zaidi ya saa nane ndani ya saa 24 bila kupumzika. Mwaka 1953 American Airlines ilianza kutumia ndege aina ya DC-7 kuvuka nchi nzima bila kutua, New York hadi Los Angeles. Kuelekea magharibi ndege hukutana na upepo wa mbele, na safari ilizidi saa nane mara kwa mara. Shirika lilitaka kanuni ilegezwe, na serikali ikakubali. Marubani hawakukubali, na mwaka 1954 waligoma. Wapo walioona kuwa ni ugomvi wa dakika chache tu. Mimi naona walikuwa na haki ya kuuliza: ndege mpya ikiweza kuruka saa nyingi zaidi, nani alithibitisha kuwa binadamu naye ameongezewa uwezo?

Jibu lililokuja kutumika duniani ni kuongeza watu. Kanuni za sasa za Marekani, zilizoanza kutumika mwaka 2014, zinaruhusu marubani watatu kwenda hadi saa 13 angani, na wanne hadi saa 17. Kanuni hizo hazikuzaliwa ofisini tu. Zilisukumwa na ajali ya Februari 2009 karibu na Buffalo, iliyoua watu 50 na kuibua mjadala mkali kuhusu uchovu wa marubani. Safari ile yenyewe ilikuwa fupi.

Singapore Airlines ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2004, ilipofungua njia ya Singapore hadi Newark, takriban saa 18 angani, mamlaka ya anga ya Singapore haikuridhika na hesabu za karatasini. Usingizi wa marubani ulipimwa, na vipimo viliendelea safari zilipokwisha kuanza, kuona kama ratiba iliyopangwa inawapa usingizi wa kweli au inawapa kitanda tu. Tofauti ya mambo hayo mawili anaijua yeyote aliyewahi kufanya zamu ya usiku.

Nairobi ilifika kwenye hesabu hizi tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja hadi New York kwa Boeing 787, ndege ya abiria 234. Kwenda ni kama saa 15, kurudi 14. Magazeti yaliandika sana kuhusu bendera na utalii. Kwangu mimi habari kubwa ilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi: marubani wanne na wahudumu 12 kwa kila safari, katika ndege ambayo usukani wake huhitaji watu wawili tu.

Ndege iliondoka Nairobi saa 5:25 usiku. Katika safari za namna hii, baada ya kupaa na ndege kutulia, marubani wawili huacha viti vyao na kupanda ngazi nyembamba hadi kijichumba kilicho juu ya dari, mbele kabisa. Kuna vitanda viwili, pazia, na mkanda wa kujifunga hata ukiwa umelala. Wahudumu nao wana chumba chao upande wa nyuma. Ugumu uko kwenye mgawanyo wa zamu. Watakaotua lazima waamke mapema, akili ziwarudie vizuri kabla ya kushika usukani, lakini wanaolala kwanza hulala wakati mwili haujachoka. Kila mpangilio una anayeumia kidogo.

Kisha kuna jambo ambalo abiria halioni. Ndege ilifika New York saa 12:25 asubuhi na ilitakiwa kuondoka saa 6:25 mchana huohuo. Ndege inaweza kugeuza, waliokuja nayo hawawezi. Kwa hiyo katika njia ya kila siku, kundi la safari ya kwanza ya kurudi hutangulizwa, likikaa viti vya abiria, kabla njia yenyewe haijafunguliwa.

Chukua mfano tu: kundi linaondoka Jumatatu usiku, linafika Jumanne, linalala, linaondoka Jumatano mchana na kufika nyumbani Alhamisi. Likipumzika hadi Jumapili, wiki imeisha kwa safari moja. Njia ya kila siku ingehitaji makundi saba, yaani marubani 28 na wahudumu 84, na hapo hakuna aliyeugua, aliye likizo, wala aliye mafunzoni. Ongeza wa akiba, wanaokaa nyumbani sare zikiwa zimepigwa pasi. Rubani wa 787 hapatikani kwa tangazo la wiki mbili.

Wengi hudhani safari zikipunguzwa gharama hushuka kwa kiwango kilekile. Siku ambayo hakuna ndege, kundi lililoko ng'ambo hubaki hotelini likingoja ijayo, na posho inaendelea kulipwa. Ndiyo maana meneja wa ratiba anayeambiwa njia itatoka safari saba hadi tano kwa wiki hafurahi kama mhasibu. Anafungua upya jedwali lake na kuanza kutafuta nani atakwama New York wikiendi.