Walioghani kabla ya santuri: Marapa wa mwanzo wa hip-hop waliosahaulika

HISTORIA ya muziki wa kufokafoka mara nyingi huanza kusimuliwa mwaka 1979, pale santuri ya Rapper's Delight ya kundi la Sugarhill Gang ilipoingia madukani na kuenea duniani. Hata hivyo, kufikia mwaka huo vijana wa Bronx na Harlem, jijini New York, Marekani, walikuwa wamekwishahudhuria madisko ya aina hiyo kwa miaka sita, na waliokuwa wakiwachezesha ni watu wengine kabisa.

Wengi wa watu hao hawakuwa na santuri hata moja. Kazi yao ilifanyika ukumbini au uwanjani usiku mmoja na ikaishia hapo, isipokuwa pale mtu alipokuwa na kinasa sauti. Ndiyo sababu majina yao hayafahamiki sana leo, hata kwa wapenzi wa hip-hop.

Wa kwanza kustahili kutajwa ni Coke La Rock. Agosti 11, 1973, Cindy Campbell aliandaa disko katika ukumbi wa jengo namba 1520, barabara ya Sedgwick, Bronx, ili apate fedha za kununulia nguo za shule. Kaka yake, Kool Herc, alipiga santuri na Coke La Rock akashika kipaza sauti. Hakughani mashairi marefu. Aliwaita rafiki zake kwa majina, akawatania na kuwahimiza wacheze, na baadaye vijineno hivyo vikaanza kupata vina. Mwaka 1977 Herc alichomwa kisu akijaribu kutuliza ugomvi ukumbini, na kundi lake likafifia. Coke La Rock alikuwa amekwishaondoka jukwaani wakati kampuni za muziki zilipoanza kurekodi sanaa hiyo. Herc aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2023. Mwenzake bado anatajwa kwa sentensi moja tu.

Katika miaka hiyohiyo, kwenye kumbi za watu wazima waliovalia vizuri, DJ Hollywood alikuwa akipiga santuri na kughani mwenyewe kwa kufuata mapigo ya muziki, huku umati ukimwitikia. Wapo wanaokataa kumhesabu kwa madai kwamba alikuwa mtu wa disko. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani Kurtis Blow, ambaye mwaka 1979 alikuwa rapa wa kwanza kusaini mkataba na kampuni kubwa ya kurekodi, alijifunza mengi kutoka kwake.

Mkasa wa kusikitisha zaidi ni ule wa Grandmaster Caz, kiongozi wa kundi la Cold Crush Brothers. Big Bank Hank, aliyekuwa meneja wa Caz, alikuwa akifanya kazi katika duka la piza huko New Jersey huku akifuatisha kanda za Caz. Sylvia Robinson, mmiliki wa Sugar Hill Records, aliposikia habari zake alimchukua kurekodi. Hank hakuwa na mashairi, hivyo alimwendea Caz, naye akampa daftari lake achague. Hank alighani kama yalivyo, kiasi kwamba jina la Casanova, ambalo Caz alilitumia wakati huo, linasikika katika santuri likitajwa herufi kwa herufi.

Muziki wa santuri hiyo ulitokana na wimbo Good Times wa kundi la Chic. Nile Rodgers na Bernard Edwards walipolalamika, majina yao yaliandikwa kuwa watunzi. Jina la Caz halikuandikwa, na kwa miaka mingi amekuwa akisema kuwa hakulipwa chochote. Hank alifariki dunia mwaka 2014.

Sifa za Cold Crush zilisambaa kwa kanda zilizorekodiwa ukumbini na kupigwa ndani ya teksi. Julai 3, 1981, walipambana na Fantastic Five katika ukumbi wa Harlem World. Waliokuwamo ukumbini waliwapa ushindi Fantastic, ambao walivutia kwa mavazi na madaha. Lakini walioisikiliza kanda baadaye, bila kuona lolote, waliwahesabu Cold Crush kuwa washindi.

Kanda hizohizo zilimsaidia Sha-Rock, binti pekee katika kundi la Funky Four Plus One. Mwangwi aliouweka katika sauti yake ulimvutia kijana wa Queens ambaye baadaye alikuja kuwa DMC wa Run-DMC, naye amekiri hivyo mara kadhaa. Februari 14, 1981, kundi la Sha-Rock lilitumbuiza katika kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live, likiwa kundi la kwanza la hip-hop kuonekana katika televisheni ya taifa nchini humo. Ni ajabu kwamba orodha nyingi za marapa wa kike huanzia miaka kadhaa baada yake.

Kwa upande wa Busy Bee, yeye anakumbukwa kwa kushindwa. Desemba 1981, hapohapo Harlem World, Kool Moe Dee wa Treacherous Three alimchambua kwa mashairi makali, na wachambuzi wengi huuhesabu usiku ule kuwa ndio uliofunga enzi za kuchezesha umati na kufungua enzi za mistari. Huenda ni kweli. Lakini Busy Bee alikuwa bingwa wa kuufanya ukumbi mzima uitikie, na kila msanii anayeuamuru umati unyooshe mikono leo anafanya kazi yake.

Cowboy wa Furious Five, ambaye wengi humtaja kuwa ndiye aliyebuni neno hip-hop, ingawa wengine humtaja Lovebug Starski, alifariki dunia mwaka 1989. Kundi lake liliingizwa Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2007.

Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Cornell kilianzisha hifadhi ya hip-hop, ambamo kumewekwa kanda na vipeperushi vya madisko ya zama zile. Naye Caz, kwa miaka mingi sasa, amekuwa akiwatembeza watalii kwa basi Harlem na Bronx, akiwaonyesha kumbi na viwanja alimoghania.