Kila Kichupo na Mzigo Wake

Mwaka 2007, kwenye saiba moja Nairobi, nilipoteza barua ya kuomba kazi kwa sababu ukurasa wa muziki niliofungua pembeni uligoma. Enzi hizo ukurasa mmoja ukianguka, kivinjari kizima kilienda nao. Bob moja kwa dakika, nikaanza upya.

Septemba 2008 Google wakatoa Chrome, na kitabu cha katuni kilichochorwa na Scott McCloud kueleza wazo lake: kila kichupo kiendeshwe kivyake, kikifa kife peke yake. Sawa, ila kila kimoja kinataka memori yake. Mwaka 2018, baada ya udhaifu wa Spectre kwenye prosesa kufichuliwa, Chrome ikazitenganisha hata tovuti zenyewe. Google walisema memori itapanda kwa asilimia 10 hadi 13.

Mwenye GB 16 hasikii hiyo bei. Laptopu yangu ya mtumba ina GB 4. Nikifungua vichupo kumi, feni inalia kama matatu inayopanda Limuru. Halafu tunaambiwa tufunge vichupo, eti ni tabia zetu.

Lakini jana kichupo cha muziki kilikufa tena, na fomu niliyokuwa najaza ikabaki palepale.