Neno Gereza na Ujifunzaji wa Kihispania kwa Video: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Gerezani, Dar es Salaam

Kumchukulia mkazi wa Gerezani anayejifunza Kihispania kwa video za historia na sanaa kama mtu asiye na akiba yoyote ya lugha hiyo ni kumnyima historia ya mtaa wake. Gereza limetoholewa kutoka igreja la Kireno, yaani kanisa. Kihispania husema iglesia. Maana ilihamaje kutoka ibadani hadi kifungoni? Jibu linaelekea kupatikana Mombasa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, Felipe II wa Hispania akiwa pia mfalme wa Ureno, na ndani yake mlikuwa na kanisa. Waswahili waliiita ngome nzima gereza. Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza wakaifanya jela. Filamu ya historia inayomwonesha Felipe II, basi, inagusa pwani hii.

Meza na bendera humfikisha mwanafunzi salama kwenye mesa na bandera. Pera humpotosha. Hapo orodha ya msamiati haimsaidii sana, ilhali mchoro wa matunda humwonesha papo hapo kuwa pera ya Wahispania si ile iuzwayo Kariakoo.